Kipimo Kisichowaka

Zaituni mwanangu,

Kosa la watu wengi wanapoanza kazi ya umeme ni kuchukua kimya kama jibu. Mtu anagusa waya kwa kipimo, taa iliyo ndani yake haiwaki, anasema waya umekufa. Lakini taa ikiwaka ndipo imekwambia jambo. Isipowaka haijakwambia kitu. Huenda waya hauna umeme. Huenda kipimo ndicho kibovu. Mwenye haraka huchagua maana ile inayomruhusu kuendelea na kazi.

Naandika baada ya sala ya alasiri. Wewe na mama yako mko uani mnapanga sanduku, na nasikia mnagombana juu ya blanketi. "Pemba ni joto kama hapa, mama," unasema. "Joto la kwa watu silo joto la kwenu," anakujibu. Kesho alfajiri utapanda chapa, basi dogo la abiria, mtangoja msafara wa askari wa kuwasindikiza, na Mungu akipenda utafika Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, kwenye hiyo kozi ya wiki tatu ya vijana wanaotaka kuujua uhandisi wa umeme na elektroniki kabla ya kuomba nafasi chuo kikuu. Mambo ya dawa ya malaria, ya simu, ya kutokula ovyo njiani, mama yako ameshayamaliza. Mimi nina jambo moja tu, na limekaa kifuani mwangu miaka mitatu. Naliandika kwa Kiswahili cha nyumbani, ingawa mambo ya masomo tumezoea kuandikiana kwa Kireno, lugha ya shule. Utaona kwa nini.

Wiki iliyopita tulipokuwa tunakula, mjomba wako alikutania. "Haya, mhandisi, usije ukaturudia nywele zimeungua." Ukacheka, ukasema, "Mimi si Sauda, mjomba. Mimi sishiki waya bila kuuliza."

Nilimwomba mama yako chumvi. Chumvi ilikuwa mbele yangu.

Sauda aliuliza, mwanangu. Sauda aliuliza, na aliyemjibu ni mimi.

Nianzie mbali kidogo, maana unanijua siwezi kueleza kitu bila kushika mzizi wake. Nilipokuwa na umri wako nilipelekwa shule ya ufundi mjini Nampula. Fundi mkuu wa karakana yetu alikuwa mzee mkimya, mwenye vidole viwili visivyokunja. Kabla ya kushika waya wowote alichukua bisibisi yake ya kupimia, ile yenye kitaa kidogo ndani ya mpini, akaigusisha kwanza kwenye tundu la ukutani ambalo sote tulijua lina umeme. Kitaa kikiwaka ndipo anaenda kwenye waya wa kazi. Akimaliza, anarudi tena kwenye tundu la ukutani kuhakikisha kitaa bado kinawaka. Mara tatu, kila siku, kila waya. Sisi vijana tulimwita Mzee Magharibi, kwamba kila waya anausalia rakaa tatu kama sala ya magharibi. Alijua tunavyomwita. Siku moja akasema, "Chekeni. Mimi nawapimia waya, na kipimo nakipimia pia." Niliandika maneno hayo kwenye daftari, nikapata alama nzuri kwenye mtihani, nikayaacha humo humo kwenye daftari.

Kisha nikawa mwalimu wa fizikia. Unajua mtu kuwa mwalimu ni nini hapa kwetu Palma. Mtu akileta redio mbovu ni kwangu. Barua ya serikali inasomwa kwangu, na hati ya kiwanja inaandikiwa kwangu. Watu wakibishana, mmoja akisema "Mwalimu kasema," basi imekwisha. Nililipenda jambo hilo kuliko nilivyokuwa tayari kukiri. Darasani nilikuwa nikimaliza kueleza nauliza, "Perceberam?", mmeelewa, na darasa zima linajibu ndiyo kwa sauti moja, "Siiim!" Wewe mwenyewe umekaa kwenye madarasa kama hayo tangu utoto. Ile "sim" haina maana yoyote. Watoto wanaitikia kama wanavyoitikia dua wasiyoijua. Mimi niliisikia miaka zaidi ya ishirini nikadhani ni ushahidi kwamba nafundisha vizuri.

Tulipokimbia mji uliposhambuliwa, usiku wenyewe sitaurudia, na wewe una kumbukumbu zako. Nataka ukumbuke mkebe wa maziwa tu. Kabla ya kutoka nilichimba nyuma ya choo nikafukia mkebe wenye vyeti vyangu, picha ya harusi yetu na kipimo changu, bisibisi ile ile niliyotoka nayo Nampula. Mkebe ulikaa mchangani zaidi ya mwaka, na masika yalipita juu yake. Tuliporudi niliufukua. Picha ilikuwa imegeuka uji. Kipimo kilikuwa na unyevu, nikakianika juani siku mbili, nikakifuta, nikakitia mfukoni. Nilifurahi kama mtu aliyemkuta ndugu yake hai. Sikukijaribu. Ningekijaribu wapi, nilijiambia, mji mzima hauna umeme.

Unakumbuka hali tuliyoikuta. Mlango hakuna, bati nusu. Kila kitu kinachotumia umeme kilikuwa kimechukuliwa: friji, redio, feni, balbu, hata vishikilia balbu vilikuwa vimechomolewa darini. Kilichobaki ni waya mmoja kutoka kwenye nguzo ya barabarani mpaka kwetu, umelegea, ganda lake limechunika sehemu nyingi, ncha yake imefungwa kwenye mti wa kuanikia nguo. Watu wakauzoea. Bi Atija, jirani yetu, akawa anaanika pweza juu yake, kwa sababu paka hawaufikii. "Mwalimu," aliniambia akicheka, "angalau umeme wako umepata kazi." Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu turudi. Mumewe hakurudi.

Sauda ni mtoto wake, unajua. Alikuwa na miaka kumi na minane, wewe kumi na minne, na ulikuwa unamfuata kila anapokwenda. Katika darasa nililolianzisha kwenye chumba cha shule kilichobaki na paa, la kuwapa vijana mwanga wa mambo ya umeme ili wasifike chuo wakiwa hawajawahi kushika hata betri, Sauda alikaa mbele. Hatukuwa na vifaa. Tulikuwa na paneli moja ndogo ya jua, betri ya pikipiki, vitaa tulivyong'oa kwenye tochi, na nyaya. Niliwaonyesha jinsi umeme unavyohitaji njia ya kwenda na ya kurudi, na kwamba ukikata mahali pamoja tu kila kitu kinasimama. Niliuliza, "Perceberam?" Wote, "Siiim!" Sauda akainua mkono.

"Mwalimu, mimi sijaelewa."

"Wenzako wote wameelewa."

"Wenzangu wameitikia," alisema.

Wakamzomea. Mimi nilicheka, nikarudia somo. Moyoni nilijua kwamba huyu ndiye mhandisi, na kwamba wale wengine nawafundisha kujibu mtihani tu. Nilimwambia Bi Atija, "Huyu atafika." Alifunga mikono kifuani akaangalia chini, kama mtu anayeogopa kusikia habari njema.

Sasa siku yenyewe.

Mafundi wa umeme walikuwa wakisimamisha nguzo mpya kwa wiki kadhaa. Walipita mtaani na kipaza sauti wakisema tusiguse nyaya, hata zile za zamani, kwa kuwa laini itakuwa inajaribiwa. Mimi niliwasikia. Niliona wanawaambia watu wasiojua. Na sikiliza hili, maana kwenye vitabu vya Pemba hutalikuta: umeme ulirudi mtaani kwetu na hakuna aliyejua. Mahali pengine unaporudi, taa zinawaka, redio zinalia, watoto wanapiga kelele. Kwetu hapakuwa na balbu hata moja ya kutuambia. Mji ulikuwa na umeme kwenye nyaya na ulionekana vile vile kama jana.

Nilikuwa nimenunua balbu moja kwa mchuuzi anayeleta bidhaa kutoka Mtwara. Nilitaka siku umeme utakapofunguliwa, nyumba ya kwanza kuwaka mtaani iwe ya Mwalimu. Kwa hiyo nikataka waya utolewe kwenye mti wa nguo, uletwe ukutani, ukae tayari. Ilikuwa karibu na adhuhuri. Mfaume, fundi cherehani, alikuwa amekaa kwenye ngazi yetu anashona suruali yangu ya shule. Sauda alikuja kutoa pweza wa mama yake. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, mchanga umelowa, na yeye alikuwa miguu mitupu.

Nikamwambia, "Ukishatoa hao pweza, nifungulie na waya huo, wewe ni mrefu."

Akaurudisha nyuma mkono. "Mwalimu, wale watu walisema laini inajaribiwa."

"Ngoja nikuonyeshe," nikasema. Unaijua sauti yangu ninaposema hivyo. Nilitoa kipimo mfukoni, nikagusa sehemu iliyochunika, nikaweka kidole juu ya mpini kama inavyotakiwa. Hakikuwaka. Nikamwonyesha. "Umeona? Umekufa."

Akakiangalia kipimo, hakuangalia waya. Akauliza, "Na kipimo chenyewe ni kizima?"

Mfaume alicheka mpaka akasimamisha gurudumu la cherehani. "Heee! Msichana huyu! Mwulize na jua kama ni zima!"

Nami, Zaituni, nikacheka naye. Nikasema, "Binti, kipimo hiki nimekishika kabla mama yako hajaolewa."

Hilo ndilo jibu nililompa. Aliniuliza swali ambalo fundi wa Nampula alilijibu kwa vitendo kila siku mbele ya macho yangu, na mimi nikamjibu kwa umri wangu. Wakati ule ule jenereta la msikiti lilikuwa linanguruma, muadhini anajiandaa kwa kipaza sauti. Hatua mia mbili. Ningeenda nikagusa tundu la jenereta, kitaa kisingewaka, ningejua kipimo kimekufa. Nimezitembea hatua hizo mara nyingi baadaye.

Sauda akatabasamu kidogo, kama mwanafunzi anayeona mwalimu hataki kusumbuliwa. Akapandisha mikono yote miwili.

Hakupiga kelele. Watu wanadhani mtu hupiga kelele. Umeme unakamata misuli, na kifua ni misuli pia. Mfaume ndiye aliyefahamu kabla yangu. Alinyakua mchi wa mama yako uliokuwa umeegemezwa ukutani, akausukuma waya kwa mti ule mkavu mpaka ukamwachia. Nilimbonyeza kifua kama nilivyofundishwa. Adhana ikaanza, ikaisha. Nilibonyeza mpaka Mfaume akanishika mabega akasema, "Mwalimu. Mwalimu, basi."

Bi Atija alifika akikimbia, mikono imejaa majivu ya jikoni. Hakumwangalia mtoto kwanza, aliniangalia mimi. "Imekuwaje?"

Nikasema, "Nilimwambia asubiri."

Sikulipanga neno hilo. Lilikuwa mdomoni kabla sijafikiri. Lakini kesho yake nilikuwa na muda wa kufikiri. Katibu wa mtaa alihitaji maelezo ya kifo kwa maandishi, na maandishi ya mtaa yote huandikwa na nani? Nilikaa kwenye meza hii ninayoandikia sasa, nikaandika kwa Kireno kizuri kwamba ilikuwa ajali iliyotokana na imprudência da vítima. Uzembe wa marehemu. Bi Atija hasomi Kireno. Alibonyeza kidole gumba kwenye wino, akapewa nakala, akaiweka kwenye mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha kuzaliwa cha Sauda. Ndiyo maana leo siandiki Kireno.

Siku ya hitima alikuja kwangu mbele ya watu, akapiga magoti. "Mwalimu, nisamehe. Mwanangu alikuwa mbishi tangu mdogo. Amekutia doa." Nikasema, "Yameshapita, Bi Atija." Nilimsamehe, Zaituni. Unaelewa nilichofanya? Nilimpa mama yule msamaha.

Usiku ule nilikifungua kipimo. Springi iliyomo ndani ya mpini ilikuwa imeoza kwa kutu, imekatika vipande viwili. Ingewezekana kukigusisha kwenye jua lenyewe kisiwake.

Mfaume alihamia kijijini Diaca kulima, mwezi haukupita. Alinirudishia suruali yangu imekamilika, imepigwa pasi. Akasema, "Mwalimu, mimi nimenyamaza kwa sababu ya Zaituni na mama yake. Usidhani nimesahau. Na mimi nilicheka." Hajarudi tena.

Sasa nikwambie ninachokijua, na upime mwenyewe. Huko Pemba mtafundishwa kutengeneza saketi kwenye ubao mdogo, kupima volti, kusoma rangi za vizuizi vidogo vya umeme. Utayaweza, mkono wako ni mwepesi kuliko wangu. Lakini utakutana na watu kama mimi. Watakuwa wakarimu, wanajua, wanapenda kueleza, na wana hakika. Watakwambia, "Usiogope, nimeshazima." Wengi watakuwa wanasema kweli, na hapo ndipo palipo na hatari, kwa kuwa utazoea. Uliza swali la Sauda hata wakikuzomea. Ukiona mwalimu anacheka badala ya kujibu, shusha mikono. Na siku utakapokuwa wewe ndiye mwenye kipimo, na siku hiyo haiko mbali, msichana mdogo akikuuliza kama ni kizima, usimtajie miaka yako. Tembea hatua mia mbili.

Nilikuwa nadhani woga ndio unaoua kwenye kazi hii, nikajitahidi kuwaondolea wanafunzi woga. Nilikosea. Woga ule wa Sauda ulikuwa elimu. Mimi ndiye niliyemwondolea.

Na la pili ni gumu zaidi kuliandika. Kwa miaka mitatu Bi Atija amekuwa akinitazama usoni kila asubuhi, tunaulizana hali. Uso wangu haukuwaka. Akaamini hakuna kitu. Jana alikuletea pweza mkavu wa safari, amemfunga kwenye karatasi, nawe ukampa shikamoo. Nilikuwa nyuma ya mlango. Alikushika kidevu akasema, "Huko uendako wasikilize walimu wako, mwanangu. Mwenzio angemsikiliza babako, leo mngekwenda wawili." Nawe ukasema, "Ndiyo, Bi Atija." Uliitikia.

Siwezi kukuacha uondoke na hilo. Ungelichukua hadi chuoni, ungelitumia kila unaposhika waya: kwamba anayekufa ni asiyesikiliza. Ni uongo, na ni wa aina inayoua. Na Sauda, ambaye mtaa wote unamtaja kwa watoto kama mfano wa mbishi, alikuwa mhandisi pekee tuliyekuwa naye siku ile.

Mama yako nilimwambia juzi. Hakulia. Aliuliza, "Na Atija?" Nikasema bado. Akasema, "Basi hujaniambia kitu." Akaenda kuchota maji.

Sijui Bi Atija atafanya nini. Huenda akanipeleka kwa katibu wa mtaa, na itakuwa haki yake, nitasaini chochote. Huenda akanitemea mate. Huenda mtaa ukaacha kuniita Mwalimu. Huenda na wewe ukashindwa kuniangalia kesho pale kituoni. Nikiona umegeuza uso dirishani nitaelewa. Nimeandika upya maelezo yale ya kifo, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, bila neno la Kireno. Nitamsomea mwenyewe, polepole, halafu nitamwacha aulize anachotaka, hata kama atauliza mpaka usiku. Wewe sikuombi useme neno. Nataka tu uwepo, kwa sababu mimi nimeshazoea kujiepusha, na mbele yako sitathubutu kulibadilisha neno.

Kipimo nimekiacha juu ya meza, pembeni ya barua hii. Kimefunguliwa, utaiona springi. Usikichukue safarini. Mama yako amekununulia kipya, na hicho nacho usikiamini mpaka ukijaribu.

Ukisoma hapa mimi niko nje kwenye ngazi, pale alipokuwa anakaa Mfaume. Karatasi iko mfukoni mwangu. Jifunge kanga yako, utoke, tufuatane kwa Bi Atija sasa hivi.

Babako